Heko kwa wapima ardhi wa Alps

Vita Kuu mbili ziliipita Uswisi kando, lakini wapima ardhi wake hawakukaa bure. Kati ya 1916 na 1947 walipanda vilele vya Alps na kamera nzito, wakapiga maelfu ya picha kwenye vioo. Walichotaka ni ramani. Kila picha waliiandikia mahali ilipopigwa na upande ilikoelekea kamera, na hapo ndipo ninapowavulia kofia.

Uangalifu huo ndio uliowawezesha wanasayansi wa chuo kikuu cha ETH Zurich na taasisi ya utafiti ya WSL kukokotoa kimo cha barafu ya zamani. Jabali lile lile likionekana katika picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, kompyuta hupata umbali wake, kama macho mawili yanavyokisia umbali wa mti. Pointi zikiwa nyingi, uso mzima wa barafu hurudi, tayari kulinganishwa na wa leo.

Matokeo yalitoka 2022: kati ya 1931 na 2016, barafu ya milima ya Uswisi ilipoteza nusu ya ujazo wake. Waliovitunza vioo hivyo miaka yote wanastahili heshima sawa na waliovibeba mlimani.