Moshi Ndani ya Glasi

Zamani, katika sehemu kubwa ya Ulaya, bia ilinuka moshi. Shayiri hulowekwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa upesi kabla mmea mchanga haujajilia wanga wote. Wachaga wanaochipuza ulezi kwa ajili ya mbege, pombe yao, wana jua la kuukaushia. Kwenye nchi za mvua na baridi jua halitoshi, hivyo kimea kilitandazwa juu ya moto wa kuni, na moshi ukapenya kila punje. Katika karne ya 17 Waingereza wakaanza kutumia koki, mkaa usio na moshi. Baadaye yakaja matanuri ya hewa ya moto, na wapika bia wengi wakaiaga harufu ile bila majonzi.

Bamberg, mji wa kusini mwa Ujerumani, nyumba mbili za bia hazikuiaga: Schlenkerla, inayotajwa katika hati tangu 1405, na Spezial, ya mwaka 1536. Hadi leo kila moja hukausha kimea chake yenyewe juu ya moto wa kuni, ilhali viwanda vingi vya bia hununua kimea kilicho tayari. Naiheshimu sana kazi hiyo.

Nilikula chakula cha jioni Schlenkerla, safarini. Bia yao kuu, Märzen, ni nyeusi yenye wekundu, kilevi chake asilimia 5.1, nayo hufunguliwa moja kwa moja kutoka pipa la mbao bila kusukumwa na gesi. Funda la kwanza ni moshi mtupu, kama samaki aliyebanikwa ufukweni, na ulimi hauoni kingine. Kisha ikaja sahani: kitunguu kikubwa kilichojazwa nyama ya kusaga, kipande cha nyama ya nguruwe ya moshi juu yake, viazi vya kuponda, na mchuzi uliopikwa kwa bia ileile. Hapo bia ikafunguka. Utamu wa kitunguu ukauamsha utamu wa kimea uliokuwa umefunikwa, mafuta ya nyama yakaupunguzia moshi ukali, na uchungu wa hopsi ukausafisha mdomo kwa tonge lililofuata. Sijawahi kuona kinywaji na chakula vikihitajiana kiasi hicho.

Na kiini cha yote ni mtu anayesimamia moto wa kukaushia kimea. Moto ukizidi, vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari huharibika. Ukipungua, kimea huvunda. Kuni ni magogo ya Buche, mti wa misitu ya huko, yaliyoachwa yakauke vizuri. Uamuzi wake wa leo hauonjwi leo: bia italala majuma kadhaa kwenye mahandaki ya baridi chini ya kilima ndipo glasi imhukumu. Ustadi wa namna hii hauonekani mezani, na kwangu huo ndio ustadi mkubwa.

Schlenkerla hupika pia bia ya rangi hafifu, Helles, isiyotiwa punje hata moja ya kimea cha moshi. Lakini huchemshwa katika masufuria yaleyale ya shaba na kuchachushwa kwa hamira ileile, na moshi, kwa mbali, umo. Hiyo ndiyo ningeagiza kwanza nikipita tena Bamberg, pamoja na mkate na jibini, kabla ya kurudi kwenye Märzen.