Teoria X, teoria Y, na mizani ya chai

Kila mutu mwenye alipita mu kozi ya menejimenti anamujua McGregor, profesa wa MIT kule Marekani. Kitabu chake The Human Side of Enterprise kilitoka mwaka 1960. Tulikariri wote: teoria X inasema mutu hapendi kazi, lazima kumusukuma na kumutisha. Teoria Y inasema kazi ni kitu cha kawaida kama mchezo ama kupumzika, na mutu anajiongoza mwenyewe akiona lengo ni lake. Mtihani unapita, tunasahau.

Mwaka jana nilikisoma chote. Nafikiri tunafundishwaka upande wake wenye si muzuri sana.

Kisha lisansi yangu ya agronomi, nilipata kazi mu plantasio moja ya chai. Wachumaji walilipwa kwa kilo. Mizani ilitazama upande wetu, na mwenye kuandika kaye ni mimi. Shefu aliniambia: kila kitunga, utoe kilo mbili, juu ya maji. Wakati wa mvua ninaelewa, majani yenye kulowana yanabebaka maji kweli. Lakini mwezi wa saba, jua kali, tulikuwa tungali tunatoa zile mbili. Mama mumoja akaniuliza: "Agronome, ile maji munatoaka inatoka wapi, na mvua hainyeshi?" Nilicheka tu. Niliandika vile miezi mitatu.

Nao wakajitetea: majani magumu chini ya kitunga, siku ingine mawe. Shefu akasema, "Unaona? Hawa ni wezi." McGregor angemutambua mara moja: mkubwa anaamini watu ni wabaya, anawatendea hivyo, kisha matokeo yanakuwa ushahidi wake. Hapo kitabu kina nguvu, na kilinichoma, juu mkono wenye kuandika ulikuwa wangu.

Udhaifu wake ni kuweka mzigo mwingi mu kichwa cha mkubwa, kama vile akibadilisha mawazo juu ya watu, imani itakuja. Mimi nilikuwa mutu wa Y! Niliwasalimia wale mama, niliwauliza habari ya watoto. Na kilo mbili zilikuwa zinaenda.

Lakini ndani kuna sura juu ya mpango wa Scanlon, yule mutu wa sendika ya wafanyakazi wa chuma. Wafanyakazi na wakubwa wanakaa mu komite moja, na gharama ya kazi ikishuka, faida inagawanywa kwa hesabu yenye wote wanajua. Pale imani haitegemei roho muzuri ya mutu. Ni namba yenye pande mbili zinaweza kupiga tena. Sisi tulidikishiwa X na Y mu kolone mbili. Jina la Scanlon sikulisikia hata siku moja.

Siku ya mbele ya mwezi wa nane nilikuwa nimegeuza mizani. Mama akasoma kumi na ine, nikaandika kumi na ine. Mwisho wa juma shefu aliona jumla imepanda, akaniita: "Weye uko upande gani?" Nilifungua kaye, nikamuonyesha kurasa za mwezi wa saba.

Kontra yangu haikuongezwa. Kaye ilibakia kwake.