Simu Iliyowaona Chango, Safura Wakaipita

Mwaka 2013 mtafiti Isaac Bogoch na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ya Chake Chake, Pemba, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo vifaa vyake vyote vinaenea kiganjani: simu ya iPhone 4S, gololi ya kioo ya milimita 3 iliyobandikwa kwenye kamera kwa selotepu ya pande mbili, na tochi ya kumulika slaidi kwa chini. Gololi hiyo, iliyofanya kazi ya lenzi, ilinunuliwa kwa dola 8 hivi. Slaidi 199 za kinyesi cha watoto zilisomwa kwa hadubini ya kawaida, kisha kwa simu, kutafuta mayai ya minyoo ya tumbo.

Chango walionekana vizuri: katika kila slaidi 100 zilizoonekana na mayai yao kwa hadubini, simu iliyanasa katika 81. Minyoo ya mjeledi, 54. Safura, 14 tu.

Mtu anaweza kudhani yai la safura ni dogo mno. Sivyo. Lina urefu wa mikroni 60 hadi 75, kubwa kuliko la mjeledi. Huenda tatizo ni ganda. Yai la chango lina ganda nene la kahawia lenye vinundu, hata picha hafifu hulionyesha. Ganda la safura ni jembamba, halina rangi, na mwanga hulipita moja kwa moja. Gololi nayo hutoa picha safi katikati tu. Pembeni ni ukungu.

Tena utayarishaji wa slaidi wenyewe una mtego wake. Kwa njia ya Kato-Katz, iliyotumika katika jaribio hilo, miligramu 41.7 za kinyesi kilichochujwa hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini. Gliserini husafisha uchafu ili mayai yaonekane, lakini slaidi ikikaa zaidi ya saa moja, mayai ya safura nayo huyeyuka machoni. Msomaji wa slaidi hushindana na saa, iwe kwa hadubini au kwa simu.

Kwa bonde la Lukuledi, Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, hapo ndipo penye uzito. Viluwiluwi vya safura hustawi kwenye mchanga wenye unyevu, huingia kupitia nyayo za mkulima aliye pekupeku, na minyoo hufyonza damu hadi mjamzito akaishiwa nguvu. Kifaa kinachomwambia mama huyo hana minyoo, kumbe anayo, kinamnyima dawa.

Wazo la Pemba ni zuri na linastahili kuendelezwa. Ila mganga mfawidhi utakayeletewa kifaa cha aina hii zahanati kwako, kabla hujasaini uliza kwanza: safura kinawanasa wangapi kati ya mia?