Ndesa Pesa: Utungo wa Mizani Nne

Mtu akiniuliza ni utungo gani wa siasa za Moshi ulio hodari kuliko yote, sitamtajia shairi. Nitamtajia lakabu: Ndesa Pesa. Ndivyo alivyoitwa Philemon Ndesamburo, mfanyabiashara mwenye hoteli ya Keys, mmoja wa waasisi wa Chadema, na mbunge wa Moshi Mjini tangu 2000 hadi 2015.

Tuipime lakabu hii kama tupimavyo kipande cha ubeti. Ina mizani nne, mbili kwa mbili. Kina cha "sa" kimetua mara mbili, na hata "e" iliyokitangulia imelingana. Hamna silabi ya kujazia. Ila ufundi hasa umo katika kilichokatwa. Mtunzi asiyejulikana ameondoa "mburo", akaweka pesa mahali pake. Mtu amebaki nusu, na nusu ya pili ni mali yake.

Ni sifa au ni kejeli? Mwaka uleule wa 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, hata Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006 kwa kuwa inapingana na Katiba. (Neno hilo, ambalo sisi wa pwani twalijua kwa heshima ya mgeni, lilitiwa aibu lisiyostahili.) Katika miaka hiyo kumbandika mwanasiasa pesa ilikuwa karibu na kumshitaki. Wafuasi wa Ndesamburo walimwita hivyo kwa mapenzi. Mpinzani angeweza kumwita vivyo hivyo bila kubadili hata herufi moja.

Ushairi wetu haukutuandaa kumsoma mtu wa namna hii. Matajiri wa Al-Inkishafi tunawakuta kaburini, majumba yao ya Pate yamekwisha kuwa magofu, na ukwasi wao umegeuka shahidi dhidi yao. Huyu wa Moshi ni tajiri aliye hai, anayetazamwa mkono.

Ndesamburo alifariki tarehe 31 Mei 2017, akiwa na umri wa miaka 82. Magazeti yaliandika kwamba mauti yalimfika akiwa katika kushughulikia hundi ya rambirambi kwa ajili ya Shule ya Lucky Vincent ya Arusha, iliyopoteza wanafunzi zaidi ya 30 katika ajali ya basi huko Karatu, tarehe 6 ya mwezi huohuo.

Sasa mpe habari hiyo mtunzi wa tanzia mwenye adabu zake. Ataona haya kutaja pesa mbele ya jeneza. Atashika "nguzo imeanguka" na "taa imezimika", maneno yanayomwenea marehemu yeyote, na hundi ile haitapata pa kukaa katika shairi lake. Katika zile mizani nne imo tayari, pamoja na swali la nani alipewa, na alidaiwa nini baada ya kupewa.