Mwana Aliyetupa Upanga

Picha ya tatu ya Star Wars, iliyotolewa Marekani mwaka 1983, ni ngano ya vita vya vyombo viendavyo kati ya nyota. Watu huisifu kwa vita hivyo. Mimi naona uzito wake wote umo katika chumba kimoja, ambamo kijana Luke Skywalker asimama kati ya Kaisari mzee na jemadari wake Darth Vader, ambaye ndiye baba wa kijana huyo.

Kaisari hamwahidi fedha. Amwonyesha rafiki zake wakiangamia, ili apandwe na hasira. Naye kijana akiisha kumwangusha baba yake, amwambia amwue, ashike mahali pake. Tazameni hila hiyo! Mshawishi hautumii mkono wake mwenyewe, ataka mkono wa mwana.

Hila hii ni ya zamani katika Kiswahili. Askofu Steere aliichapisha hadithi ya Liongo mwaka 1870, na Muhamadi Kijumwa wa Lamu akaitungia utenzi mwaka 1913. Mfalme wa Pate, aliposhindwa kumwua shujaa yule, alimwita mwanawe akamwahidi uwaziri na binti yake awe mkewe. Mwana akamwuliza baba ni kitu gani kiwezacho kumwua. Baba akamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Basi mwana akamchoma baba yake usingizini, na ile harusi hakuipata.

Nasi huku Buhaya, ambako mwana hungoja kibanja cha baba yake, sauti ya Kaisari yule twaijua. “Mzee huyu anakuchelewesha.” Asemaye hivyo haji na mkuki, huja na kibuyu cha rubisi, akicheka, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye autakaye mgomba.

Luke naye si malaika. Ampiga baba yake kwa chuki hata amkata mkono, nao mkono ule ni wa chuma. Ndipo autazama wake mwenyewe, ambao pia ni wa chuma, maana baba huyo alimkata zamani. Hasemi neno kwa kitambo. Kisha autupa upanga mbali. Hapo picha hii yazishinda nyingi za namna yake, kwa kuwa kijana hazuiwi na mtu wala kwa mahubiri. Azuiwa na alichokiona.

Walakini mwisho wake waniudhi. Vader amtupa Kaisari shimoni ili amwokoe mwanawe, akafa, na mara aonekana amesimama pamoja na wema. Mnyang'anyi wa msalabani alikiri makosa yake kwanza. Huyu hatumsikii akiwataja aliowaua. Usiku Luke auchoma mwili wa baba yake peke yake. Palifaa tukae naye pale kidogo, lakini ngoma za furaha zaanza upesi mno.