Jukwaa la Duara la Flip Wilson

Ukitazama leo kanda za The Flip Wilson Show, kipindi cha mchekeshaji Mmarekani Mweusi Flip Wilson ambacho televisheni ya NBC ilianza kukirusha Septemba 1970, utashangaa jinsi jukwaa lilivyo tupu. Vipindi vya burudani vya Marekani enzi hizo vilijaa ngazi za kumeremeta na makundi ya wacheza shoo. Wilson amesimama kwenye jukwaa la duara, watazamaji wamemzunguka pande zote. Kichekesho kikiwa cha ofisini, inaletwa meza na viti, basi. Kuta hakuna.

Kwangu mimi, ufundi wote umelala hapo. Kamera ikimwelekea Wilson, nyuma yake zinaonekana nyuso za watu. Kicheko unakisikia na unakiona, na wewe uliye nyumbani unajikuta umeketi nao. Tena Wilson alikuwa msimuliaji hasa. Chukua kisa cha mke wa mchungaji aliyerudi nyumbani na gauni jipya, la tatu wiki hiyo, akaapa kuwa ni shetani aliyemshikia bastola mpaka akatia saini hundi kwa jina la mumewe. Mchungaji ni Wilson, mke ni Wilson, shetani ni Wilson. Anabadili sauti, anageuza shingo, nawe unaliona duka zima. Lingejengwa duka la mbao pale, utamu wote ungeyeyuka.

Mhusika wake Geraldine Jones aliumbwa kwa njia hiyohiyo: Wilson ndani ya wigi na gauni fupi la rangi kali. Mwanamume kuvaa kike ni mzaha rahisi, na wapo Weusi waliomlaumu kwa hilo. Mimi naona alimheshimu Geraldine. Ni mwanamke anayejiamini, habembelezi mgeni hata awe maarufu vipi. Mchumba wake, Killer, hatokei kamwe. Anaishi mdomoni mwa Geraldine tu, na anatosha.

Kabla ya Wilson, mwimbaji Mweusi Nat King Cole alipopewa kipindi na NBC mwaka 1956, hakupatikana mdhamini wa kitaifa, kikafa mwaka uliofuata. Cha Wilson kilishika nafasi ya pili nchini kwa misimu miwili ya mwanzo na kuzoa tuzo mbili za Emmy mwaka 1971. Walipita pale Aretha Franklin, Ray Charles na Jackson 5. Kisha mwaka 1972 televisheni shindani ya CBS ikaiweka tamthilia ya The Waltons saa ileile ya Alhamisi, watazamaji wakahama, na mwaka 1974 kipindi kikafungwa.