Katamarani ndogo ya umeme: raha ya ndani hulipiwa kwa kilo

Mwaka 2006 kampuni ya Lagoon ya Ufaransa ilileta sokoni Lagoon 420, katamarani ya matanga yenye mota za umeme na jenereta mahali ambapo wengine waliweka injini mbili za dizeli. Ilionekana kama dizeli imeanza kuaga. Haikuaga. Muda si mrefu chombo hichohicho kikawa kinauzwa na injini za dizeli, na baadhi ya waliokwisha kununua cha umeme wakang'oa mota. Betri zilikuwa za risasi: nzito, na ukizoea kuzikausha chini ya nusu ya chaji unazifupishia maisha. Jenereta nayo ilikuwa ikichoma mafuta kutengeneza umeme, umeme ukapita kwenye betri, ukatoka kwenda kwenye mota, na kila hatua ikala sehemu yake.

Leo betri ni za lithiamu na fosfeti ya chuma. Hizi unaweza kuzitumia hadi asilimia 80 au 90 ya chaji bila hofu, na pakiti ya uniti 20 (yaani kilowati-saa, zilezile uniti tunazonunua kwa luku) ina uzito wa kilo 200 hivi. Ndiyo maana wabunifu wa vyombo vidogo, vya futi 33 hadi 38, wamerudi kwenye umeme. Ila mnunuzi asidanganyike kwamba betri sasa imelingana na tangi. Lita moja ya dizeli ina nishati ya uniti 10 hivi, na injini ndogo hufikisha kama 3 kwenye rafadha. Kwa hiyo betri hiyo ya kilo 200 ni sawa na lita 6 au 7 za dizeli. Dumu la lita 10, tena halijajaa.

Hapo ndipo uchambuzi wa chombo cha namna hii unapopaswa kuanzia, na ndipo vipeperushi vya wauzaji vinapopita haraka. Tuchukue katamarani ya mita 10 na nusu, yenye uzito wa tani 5. Kwa mwendo wa noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa, bahari ikiwa shwari, itataka kilowati 3 hivi. Nguvu inayohitajika hupanda takriban kwa mchemraba wa mwendo, kwa hiyo noti 5 zitataka karibu kilowati 6, na noti 6 karibu 10. Ukiwa na uniti 18 za kutumia, kwa noti 4 unakwenda saa 6 na kufika maili 24. Kwa noti 6 betri inakwisha kabla ya saa 2, na umefika maili 11 tu. Mota ni ileile na betri ni ileile. Kilichobadilika ni mkono wa nahodha.

Kwa hiyo maboresho yenye maana ni yale yanayopunguza mahitaji. La kwanza ni uzito. Mitumbwi miwili ya katamarani ni myembamba, na wembamba huo ndio unaoipa wepesi wa kukata maji, lakini ndio pia unaoifanya isivumilie mzigo. Kwa chombo cha ukubwa huu, kila kilo 150 unazopakia zinakizamisha kwa sentimita 1 hivi. Sentimita moja si kitu. Ongeza jenereta, kiyoyozi, mashine ya kufulia na maji ya ziada, umezama sentimita 4 au 5, na sitaha ya kati iliyokuwa inapita juu ya mawimbi sasa inapigwa na kila wimbi la tatu. Aliyewahi kulala juu ya sitaha inayogongwa kwa chini anajua kwamba hakuna godoro litakalofidia hilo.

Ukifunua kitanda cha chumba cha nyuma kwenye katamarani nyingi za dizeli, chini yake unakuta injini. Mtu analala juu ya kitu kilichounguruma mchana kutwa, mbao bado zina joto, na harufu ya mafuta imekwishaingia kwenye mashuka. Injini ndogo pamoja na mguu wake wa rafadha hukaribia kilo 150, na zipo mbili. Mota ya umeme ya kilowati 10 au 15 pamoja na mguu wake inaweza kuwa chini ya kilo 60. Wabunifu wazuri hawakuridhika na kuweka mota palepale injini ilipokuwa. Walihamishia betri karibu na mlingoti, chini kabisa, ili ncha za chombo ziwe nyepesi na kisipige kichwa kwenye mawimbi. Nafasi iliyoachwa chini ya kitanda ikawa kabati. Sijaona starehe nyingine kwenye chombo hiki inayokuja na faida mbili kwa gharama ndogo kiasi hicho.

Gharama yenyewe ni shaba. Kilowati 10 kwa volti 48 ni zaidi ya ampea 200, na betri ikiwa katikati huku mota ikiwa nyuma, nyaya zinakuwa nene na ndefu. Ukipandisha volti nyaya zinakuwa nyembamba, lakini juu ya volti 60 za mkondo mnyoofu unaingia kwenye umeme unaohesabiwa kuwa wa hatari kwa mwili, wenye masharti yake. Wengi wamebaki kwenye 48, na kwa chombo cha familia naona wamefanya vyema.

Rafadha nayo imepiga hatua. Rafadha isiyokunjika hukokota maji muda wote chombo kinapokwenda kwa tanga. Kampuni ya Oceanvolt ya Finland ilitengeneza ServoProp, ambayo mbawa zake hugeuzwa na kompyuta: mkao mmoja wa kwenda mbele, mwingine wa kurudi nyuma, mwingine wa kutokokota maji, na mwingine wa kuzungushwa na maji ili mota igeuke jenereta. Umeme huu wa bure una masharti. Nao hufuata mchemraba wa mwendo, kwa hiyo kwa noti 4 unapata kidogo mno, na unaanza kuhesabika chombo kikipita noti 6 au 7. Siku ya upepo hafifu usiutegemee.

Jikoni, jiko la umeme la induksheni limeondoa mtungi wa gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini ya sakafu ya chombo ikingoja cheche. Mlo wa familia hula nusu uniti hadi uniti moja. Mashine ya kusafisha maji ya bahari inayorudisha msukumo wake hutumia wati-saa 4 hivi kwa lita, maana yake lita 100 ni chini ya nusu uniti. Mlaji wa kimyakimya ni friji, hasa kwenye joto la tropiki, kwa sababu hailali. Sentimita 10 za sponji ngumu kuizunguka, na mlango unaofunguka kwa juu ili baridi isimwagike, vina faida kuliko kuongeza betri. Kiyoyozi kinaweza kula usiku mmoja uniti zilizokusanywa na jua mchana mzima. Madirisha ya juu yanayokabili upepo wa nangani yanatosha siku nyingi.

Jua lenyewe, kwa paneli za kilowati 1.5 juu ya paa gumu, linaweza kutoa uniti 6 au zaidi kwa siku nzuri. Adui ni kivuli cha mlingoti na cha boriti ya tanga: kikiangukia paneli moja kati ya zilizoungwa pamoja, kinazinyonga na nyingine. Kila paneli ipewe kidhibiti chake.

Zamani mbunifu Tony Smith, Mwingereza aliyehamia Marekani, alijibu swali hili la uzito kwa njia tofauti. Gemini 105Mc yake, futi 33 na nusu kwa upana wa futi 14 ili iingie kwenye maegesho ya kawaida, ilikuwa na dizeli moja yenye mguu unaoinuliwa kutoka majini, na friji inayoweza kutumia gesi. Haikuwa ya umeme, lakini nidhamu ya uzito ndiyo hiihii.

Kwetu pwani fundi wa dizeli hakosekani, ila wa betri za lithiamu nao wanaongezeka kwa sababu ya pikipiki za umeme za Nairobi na Kigali. Ukiitwa kuangalia katamarani ya umeme, usianze kuuliza betri ina uniti ngapi. Omba kwanza jedwali la kilowati kwa noti 4, 5 na 6, chombo kikiwa kimepakiwa maji, chakula na watu. Muuzaji asiyekuwa nalo, mwache aende akalipime.